Kabla ya Kumwahidi Mtoto PS

Ahadi hutolewa mapema. Mtoto wa Gredi ya 6 au ya 9 anaambiwa kwamba akifanya vizuri kwenye mtihani wa kitaifa wa Kenya, KPSEA au KJSEA, atanunuliwa PS, yaani PlayStation, mashine ya gemu ya Sony inayochezwa kwenye runinga. Matokeo yanatoka, mzazi anatimiza neno lake, na shule zikifunguliwa Januari ugomvi unaanza. Kosa lilifanyika siku ya ahadi. Mashine iliyotolewa kama tuzo ni jasho la mtoto, na hakuna anayependa kupangiwa jinsi ya kutumia jasho lake. Ukiizima saa mbili usiku, machoni pake umemkata mshahara. Ingenunuliwa kama inavyonunuliwa friji, ikawa ya nyumba na ikafuata taratibu za nyumba, sehemu kubwa ya mabishano hayo isingekuwepo.

Swali ambalo wazazi wengi wa Nakuru na Kisumu huanza nalo ni kama gemu huharibu watoto. Kwa upande wa ukatili, hofu imeupita ushahidi. Mwaka 2019 Andrew Przybylski wa Oxford na Netta Weinstein wa Cardiff walichapisha uchunguzi wao kuhusu vijana wa Uingereza wa miaka 14 na 15, na hawakuona uhusiano kati ya kucheza gemu za vita na ukali wa tabia. Mwaka uliofuata chama cha wanasaikolojia cha Marekani, APA, kilisema gemu hizo zinahusishwa kwa kiasi kidogo na mambo kama kupayuka na kusukumana, lakini ushahidi hautoshi kuzifanya chanzo cha uhalifu wa kutumia nguvu. Kuhusu uraibu, Shirika la Afya Duniani liliuingiza katika orodha yake ya magonjwa, ICD-11, iliyoanza kutumika Januari 2022. Kigezo chake ni kizito: mtu ameshindwa kujizuia, gemu imeyapita mambo yote maishani mwake, anaendelea ingawa anaumia, na kwa kawaida hali hiyo imedumu kama miezi 12. Mtoto anayenuna PS ikizimwa hajafika huko. Ananuna tu.

Utafiti unaomhusu hasa mzazi anayetaka kununua ni mwingine, na hutajwa mara chache. Mwaka 2010 Robert Weis na Brittany Cerankosky wa Chuo Kikuu cha Denison, Marekani, waliwachukua wavulana 64 wa miaka 6 hadi 9 ambao nyumbani kwao hapakuwa na mashine ya gemu. Kwa kura, nusu walipewa PlayStation 2 papo hapo na nusu wakaambiwa wasubiri miezi minne. Miezi hiyo ilipokwisha, waliopewa mapema walikuwa na alama za chini zaidi katika kusoma na kuandika, na walimu wao waliripoti matatizo mengi zaidi ya masomo. Maelezo ya watafiti hayana miujiza: saa za baada ya shule ambazo mtoto angesoma zilikwenda kwenye padi ya kuchezea.

Basi hesabu ya kwanza ni ya saa, tena ya nyumba yako. Mtoto wa shule ya kutwa anayefika nyumbani Lanet au Milimani ya Kisumu saa kumi na moja jioni ana saa nne hivi kabla ya kulala. Toa kuoga, chakula, kazi ya ziada ya mwalimu na kazi za nyumbani, kisha utafute saa iliyobaki bila kazi. Siku za shule haipo. Jumamosi ipo, isipokuwa kwa nyumba nyingi za Kisii na sehemu nyingine za Nyanza zinazoshika Sabato, ambako Jumapili ndiyo yenye nafasi. PS ya katikati ya wiki kila mara inakopa saa kutoka kwa kitu kingine, na kitu hicho mara nyingi ni usingizi au kitabu.

Hata hivyo, wanaosema "sitaki hiyo kitu kwangu" nao wanajidanganya kidogo. Mtoto wa mjini akinyimwa PS nyumbani, mbadala wake kwa kawaida si kitabu. Ni kibanda cha PS au ni simu. Vibanda vimejaa Kondele, Manyatta, Kaptembwo na Free Area: runinga tatu nne, benchi, na malipo kwa kila mechi. Desturi ya vingi ni kwamba anayeshindwa ndiye analipia mechi. Tazama vizuri mafunzo ya mpango huo. Mtoto wa miaka 11 anajifunza kuweka pesa kwenye mchezo akiamini mwenzake ndiye atakayelipa, na pembeni yake wamekaa vijana wakubwa wanaoongezea dau. Sheria ya kamari inataka mtu awe na miaka 18, lakini kwenye benchi hilo hakuna anayeulizwa umri.

Simu ni mbaya kwa njia nyingine. Inaingia naye kitandani, inaingia naye chooni, na gemu zake za bure zimetengenezwa zisiwe na mwisho. PS ina fadhila moja kubwa ambayo wauzaji hawaitangazi: haitembei. Imefungwa kwenye runinga kwa waya, runinga iko sebuleni, na kila anayepita anaona na anasikia.

Kwa mtoto wa miaka 10 na zaidi anayeishi nyumbani penye mtu mzima jioni, msimamo wetu ni huu: PS sebuleni, ya diski, isiyounganishwa na intaneti, ina nafuu kuliko simu yake mwenyewe na kuliko kibanda. Kwa mtoto wa miaka 6 hadi 9, subiri. Huo ndio umri wa wavulana wa utafiti ule, na ndio umri wa kujifunza kusoma hadi kusoma kukawa kwepesi. Chini ya hapo hakuna la kujadili. Mwongozo wa WHO wa 2019 unasema mtoto wa miaka 2 hadi 4 asizidishe saa moja kwa siku mbele ya skrini za aina zote, na katuni tayari zinaimaliza.

Mwanafunzi wa bweni ni rahisi kuliko wote. Ana likizo ya Aprili, ya Agosti na ile ndefu ya mwisho wa mwaka, na PS inaweza kufungiwa kabatini muhula mzima bila malalamiko kwa kuwa mwenyewe hayupo. Tatizo ni mdogo wake wa kutwa anayebaki nayo.

Ukishaamua kununua, mambo hubadilika kuwa ya fundi. PS4, ya kwanza ya 2013 na ile nyembamba ya 2016, bado ni chaguo la busara kwa sababu diski zake za mtumba ni tele na hubadilishwa mkono kwa mkono. Iliyotumika hupatikana kwa kati ya shilingi 20,000 na 30,000, kutegemea hali yake na duka. PS5 huzidi mara mbili ya hapo. Tenga pesa nyingine za padi ya pili, tivi gadi ya kukinga mishtuko ya umeme, na diski mbili. Anayenunua mashine kwa shilingi yake ya mwisho hurudi baada ya wiki kutafuta padi, na padi za bei ya chini sana ni za kuiga ambazo betri yake haifiki jioni.

Jihadhari na mashine zisizo na tundu la diski. Xbox Series S, ya kampuni ya Microsoft, huuzwa kwa bei inayovutia, lakini kila gemu lazima ishushwe kutoka intaneti, na gemu kubwa moja huweza kuzidi GB 100. Kwenye waya wa faiba nyumbani hilo linavumilika. Kwa bando la simu ni hasara. Zaidi ya hapo, gemu iliyoshushwa haiuziki wala haibadilishiki na ya jirani, wakati diski huweza kumrudishia mwenyewe sehemu ya pesa zake. PS5 nyembamba ya 2023 huweza kuuzwa bila kisoma-diski na ukakiongeza baadaye, ila siku ya kukifunga mashine lazima iunganishwe na intaneti ili ikitambue.

Ya mtumba ipimwe dukani, si nyumbani. Nenda na diski yako. Iingize na uitoe mara tatu, maana kisoma-diski huchoka kabla ya sehemu nyingi nyingine. Kisha chezesha gemu nzito kwa nusu saa nzima. Feni ikianza kunguruma kama kinu cha posho, ndani kuna vumbi na ile dawa ya kupitisha joto juu ya prosesa imekauka. Fundi mzuri husafisha na kupaka nyingine kwa muda mfupi, kwa hiyo hilo si sababu ya kuondoka. Ni sababu ya kupunguza bei. PS5 ni habari tofauti, kwa kuwa Sony walitumia metali ya majimaji mahali pa dawa hiyo, na ikimwagika kwenye bodi inaiunguza. Usiruhusu ifunguliwe na fundi ambaye hajawahi kuishika.

Tikisa kidogo waya wa HDMI nyuma. Picha ikikatika, tundu limelegea na linahitaji kuchomelewa upya. Mwisho, weka padi mezani bila kuigusa mchezo ukiendelea. Mchezaji akianza kutembea peke yake, kijiti kimelika ndani, na hakuna mpangilio wa menyu utakaokiponya.

Kuna mashine moja inayopendwa mno madukani: PS4 iliyochipiwa, yaani iliyovunjwa ulinzi wake ili icheze gemu za kunakili, yenye gemu 20 ndani, "huhitaji kununua CD tena." Bei inavutia. Kinachofichwa ni kwamba ujanja huo unategemea tundu la usalama katika toleo la zamani la programu, kama 9.00 au 11.00, ambalo Sony walishaliziba. Ikisasishwa, ujanja unakufa. Ikiingia kwenye mtandao wa Sony, inaweza kufungiwa. Tena ujanja wenyewe haukai: mashine ikizimika kabisa, lazima ufanywe upya kabla gemu hizo hazijafunguka. Katika mtaa ambao stima hupotea mara kwa mara, hiyo ni kazi ya kila wiki, na mwuzaji atalipisha. Lakini sababu kubwa ya mzazi kuikwepa ni nyingine. Gemu 20 hizo hukuzichagua wewe, na karibu kila mara GTA V imo, gemu ambayo mfumo wa umri wa Ulaya, PEGI, umeipa alama ya 18.

Alama hizo za PEGI ziko kwenye kasha halali la soko la Ulaya: 3, 7, 12, 16, 18. Zisome, lakini usizitegemee kwa kila kitu. EA Sports FC, gemu ya mpira ambayo watoto bado wanaiita FIFA ingawa jina lilibadilika mwaka 2023, ilianza na alama ya 3. Hakuna damu, hakuna matusi. Ndani yake kuna Ultimate Team, ambako mchezaji hununua pakiti kwa pesa halisi bila kuwa na hakika atapata mchezaji gani. Tume ya kamari ya Ubelgiji ilisema mwaka 2018 kwamba mpango wa namna hiyo ni kamari chini ya sheria yao, na Januari 2019 kampuni ya EA ikaacha kuuza pointi zake nchini humo. PEGI nayo ilianza mwaka 2020 kuandika kwenye kasha kwamba gemu ina vitu vya kubahatisha vinavyouzwa, kwa herufi ndogo chini ya alama. Katika mji ambao matangazo ya kubeti yako kila kona, hiyo 3 inahitaji kusomwa mara mbili. Kwa bahati nzuri, mechi ya kawaida ya wawili sebuleni, pamoja na kazi ya ukocha, hucheza kutoka kwenye diski bila intaneti. Usipoiunganisha, duka halifunguki.

Ukiiunganisha, jua kwamba Kenya haimo katika nchi ambazo Sony wanaruhusu kufungulia akaunti ya PlayStation. Wengi hufungua ya Uingereza au Marekani. Matokeo yake ni kwamba namba za vocha za kujazia pesa kwenye akaunti lazima ziwe za nchi ile ile. Vocha ya Marekani haikubaliki kwenye akaunti ya Uingereza. Usihifadhi kadi yako ya benki wala kadi ya Visa ya M-PESA ndani ya mashine. Vocha ya kiasi maalum ikiisha, imeisha; kadi haiishi mpaka salio liishe.

Mipangilio ya wazazi ifanywe kabla mtoto hajaiona mashine, kwa sababu mpangilio muhimu zaidi hauwezi kurekebishwa kirahisi: umri. Mzazi afungue akaunti yake ya mtu mzima kwanza, kisha ndani yake aongeze ya mtoto kwa tarehe yake halisi ya kuzaliwa. Mtoto aliyejifungulia mwenyewe kwa kudai ana miaka 25 anabaki mtu mzima machoni pa Sony. Halafu badilisha namba ya siri ya vizuizi vya mashine. Inatoka kiwandani ikiwa 0000, na watoto wote wanaijua. Zuia uundaji wa watumiaji wapya na kuingia kama mgeni, la sivyo mtoto atajitengenezea jina jingine lisilo na kizuizi na wewe utabaki ukilinda mlango usiopitwa na mtu. Mwisho weka saa za kucheza kwa kila siku, na pale unapoulizwa nini kitokee muda ukiisha, chagua mtoto aondolewe badala ya kuarifiwa tu. Chaguo la saa linahitaji akaunti za mtandaoni. Nyumba isiyo na intaneti itabidi itumie saa ya ukutani.

Hapo ndipo nyumba nyingi hukosea kipimo. Dakika ni kipimo kibaya cha gemu. Mtoto akiambiwa "saa moja imeisha" katika dakika ya 80 ya mechi akiongoza bao moja, lazima alie, na ana haki yake. Pima kwa mechi. Mechi ya FC yenye vipindi vya dakika 6, pamoja na mapumziko, mabadiliko na marudio ya magoli, hula dakika 15 hadi 20. Mechi nne ni saa moja na zaidi kidogo. Watoto wawili wakicheza pamoja wanamaliza fungu lao kwa wakati mmoja, jambo linaloondoa ugomvi wa "yeye alicheza zaidi." Gemu za dunia huria kama GTA hazina kipenga cha mwisho, na hiyo ni sababu nyingine ya kuanza na mpira au mbio za magari. Mechi ya mtandaoni nayo haisimamishwi. Ukimwita kula katikati, ameshapoteza.

Kazi ya kusimamia isiachiwe msaidizi wa nyumbani. Hana uwezo wa kumnyang'anya mtoto wa mwajiri wake padi, na akijaribu atasemewa. Wazazi wengine huondoka na waya wa stima wa PS kwenye mkoba. Haisaidii: PS4 ya kawaida, ile nyembamba, na hata PS5 hutumia waya wenye kichwa cha tundu mbili kama namba 8, ule ule wa redio nyingi na wa baadhi ya dekoda. Mtoto wa miaka 9 hugundua hilo siku ya pili. Fungia padi.

Stima yenyewe si gharama ya kutisha. PS4 nyembamba ikicheza hula karibu wati 80, na runinga ndogo ya LED karibu 50. Saa tatu kwa siku nane za mwezi ni uniti 3 na ushei, chini ya shilingi 100. PS5 hufika karibu wati 200, hivyo kwa saa hizo hizo ni uniti 6. Angalia tu kama nyumba yako iko karibu na mpaka wa uniti 30 kwa mwezi, ambapo bei ya chini kabisa ya Kenya Power inakoma. Uniti hizo chache zinaweza kuipandisha bei ya uniti zako zote.

Hatari ya stima ni kukatika na kurudi. PS4 ina diski ngumu inayozunguka, na ikizimika katikati ya kuandika, faili huharibika. Ndiyo maana ikiwashwa tena hulalamika na kukagua hifadhi. Ikirudia mara nyingi, diski hufa. Kuibadilisha si kazi kubwa: kwenye ile nyembamba ni kifuniko kimoja nyuma na skrubu chache, kisha programu ya mfumo inawekwa kwa USB. Gemu na hatua za mchezo zilizohifadhiwa ndani tu ndizo zinapotea. Tivi gadi huchelewesha umeme unaporudi ili mshtuko wa kwanza upite, lakini haizuii radi. Kisii na Kakamega, ambako ngurumo za alasiri ni jambo la kawaida msimu wa mvua, chomoa kila kitu ukutani, pamoja na waya wa antena. Kisumu adui ni joto: usiiweke PS ndani ya kabati la kioo la runinga. Iache wazi, na sentimita 10 nyuma yake.

Zipo nyumba ambazo jibu ni hapana kwa sasa, bila kujali mtoto ana umri gani. Nyumba ya chumba kimoja ni ya kwanza. PS inakula runinga ya wote na chumba cha wote, na dada yake wa sekondari aliyetaka kusoma atalazimika kwenda kwa jirani. Ploti yenye watoto wengi ni ya pili: Jumamosi ya kwanza watakuwa wawili, ya pili wanane, na mama wa mtoto mwenye PS atakuwa ameanzisha kibanda asichotoza. Ya tatu ni nyumba ambayo hakuna mtu mzima anayerudi kabla ya saa mbili usiku. Hapo afadhali kulipia mechi mbili kwa binamu mwenye PS, Jumapili, shangazi akiwepo, mpaka ratiba ya kazi ibadilike.